Chupa ya Mawese na Sura Yake Mezani

Juma hili nataka kuongea nanyi habari za chupa. Msicheke. Chupa moja ya kioo, ya nusu lita, iliyojaa mawese, ilinitia aibu mbele ya jirani zangu mwaka 2022, na aibu ile ndiyo iliyonifundisha mambo ninayoyaandika hapa.

Yuko mama mmoja hapa Uvira, jirani yangu, afanyaye biashara ya mawese. Huyanunua kwa wakamuaji wa kusini, njia ya Makobola na Mboko, kule ambako michikichi husimama karibu na ziwa, kisha huyauza katika bidoni za lita 20, au madumu kama wasemavyo ndugu zetu wa Kigoma. Nyumba yake iliharibiwa na mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipouacha mkondo wake na kuingia mjini, na tangu siku zile nusu ya ua wake hufunikwa kwa turubai la buluu. Lishikeni turubai hilo akilini, maana ndilo mkosaji wa kwanza katika habari hii. Mkosaji wa pili ni mimi.

Mnunuzi mmoja wa Bujumbura alitaka bidoni kumi. Lakini kabla ya kutuma fedha aliomba aonyeshwe mafuta kwa picha. Mama yule akanijia akasema, "Mwalimu, wewe una simu nzuri. Nipigie picha ya mafuta yangu, nisaidie." Ilikuwa saa sita mchana. Niliiweka chupa juu ya meza chini ya lile turubai, nikainua simu, nikapiga, nikatuma. Kazi yote haikuchukua hata dakika mbili, nami nilijiona mtu wa msaada.

Jioni jibu likaja: Mafuta haya yametiwa maji, hatununui.

Nikaitazama picha, safari hii kwa macho ya mtu aliyeko mbali asiyemjua mwenye mafuta. Kweli, ubavuni mwa chupa palikuwa na utepe mpana wa kijivu wenye kuelekea buluu, kana kwamba mafuta yamechanganyika na kitu. Chini palikuwa na wingu jeupe. Na katikati kabisa, juu ya tumbo la chupa, alisimama mtu mdogo mweusi mwenye viwiko vilivyoinuliwa kama kuku ataka kuruka. Mtu yule ni mimi.

Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwalimu, watu wananijua kwa mafuta safi tangu nikiwa msichana." Laiti angalinigombeza.

Sasa yafaa tueleze chupa ilifanyaje hata ikamsingizia mwenyewe. Sisi katika lugha yetu tuna neno moja, kivuli, na twalitumia kwa mambo mawili: kiza kinacholala chini mtu anapoziba jua, na sura yake anayoiona majini. Mambo hayo hayafanani kabisa. Kiza ni mahali ambapo nuru haikufika. Sura ya majini ni nuru iliyofika, ikagonga, ikarudi, kama mwangwi urudivyo kutoka ukuta wa mlima. Katika makala hii nitaiita sura, tusije tukachanganyikiwa.

Kanuni ya kurudi kwake ni rahisi, na wanafunzi huifunzwa shuleni: nuru huondoka juu ya kitu laini kwa pembe ileile iliyojia. Mpira uliotupwa sakafuni kwa mshazari huruka kwa mshazari uleule upande wa pili. Basi, kioo kisafi hakina uso wake chenyewe. Huonyesha kile kilichosimama kwenye pembe inayokutana na jicho lako. Mwenye kupiga picha ya chupa hafanyi kazi na chupa tu, afanya kazi na kila kitu kilichoizunguka: mabati, ukuta, nguo zilizoanikwa, shati lake mwenyewe.

Nendeni Kalundu asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka, mkayatazame maji. Mbali mtaona milima ya Burundi imepinduka kichwa chini. Karibu na miguu yenu hamtaona mlima wala mbingu, mtaona mawe na mchanga wa chini. Ziwa ni lilelile. Tofauti ni pembe ya jicho. Mtu akiyatazama maji wima, nuru inayorudi ni kama sehemu 2 tu katika 100, nyingine huzama ndani. Akiyatazama kwa kulala sana, karibu sawa na uso wa maji, zaidi ya nusu hurudi. Kioo nacho ni vivyo hivyo: kikitazamwa wima kila uso wake hurudisha kama sehemu 4 katika 100. Mtasema sehemu 4 ni kidogo. Ni kidogo, ndiyo, lakini turubai lenye jua la saa sita juu yake hung'aa mara nyingi kuliko mafuta mekundu yaliyomo kivulini mwa chupa, na sehemu 4 za mng'ao ule zatosha kuyafunika. Huo ndio ule utepe wa kijivu. Buluu ya turubai ililala juu ya wekundu wa mafuta, na mnunuzi akaona maji.

Na lile wingu la chini? Hilo halikuwa sura ya kitu chochote. Mawese yana sehemu mbili zisizoyeyuka pamoja. Yanapopoa, sehemu nzito huanza kuganda na kushuka, na sehemu nyepesi nyekundu hubaki juu ikiwa majimaji. Huyeyuka yote yanapokaribia joto la nyuzi 40. Kila mama wa pwani hii ajua jambo hilo, wala halimtishi. Lakini maji nayo, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta, hukaa chini. Mnunuzi aliona utepe wa rangi ya maji, akaona na kitu cheupe kimekaa mahali ambapo maji hukaa. Mimi ningalikuwa yeye ningalifikiri vilevile.

Nikaomba nijaribu tena. Mama akanitazama kitambo, kisha akaileta chupa.

Kwanza tuliiweka chupa katika beseni la maji ya uvuguvugu mpaka mafuta yote yakawa rangi moja. Kisha tukaiosha kwa sabuni, tukaisuuza, tukaifuta kwa kitambaa cha pamba kikuukuu kisichoacha nyuzi, na tangu hapo hakuna aliyeigusa kwa vidole vitupu. Alama ya kidole haionekani sana kwa macho, lakini nuru ikija kwa ubavu hujitokeza kama muhuri. Na katika kiangazi cha kwetu, kuanzia Juni mpaka Agosti, upepo unapovuma na magari kuchafua hewa, vumbi hurudi juu ya chupa kabla hujamaliza kukunja kitambaa. Fungeni mlango. Kwenye meza ing'aayo vumbi huhesabiwa mara mbili, chembe yenyewe na sura yake.

Pili tuliacha ua, tukaingia ndani, tukaweka meza karibu na dirisha litazamalo ziwa. Mji wetu umebanwa kati ya ziwa upande wa mashariki na milima ya Mitumba upande wa magharibi. Jua hutujia kutoka juu ya maji, na alasiri hujificha nyuma ya milima mapema, wakati wenzetu wa Bujumbura wangali wakiota jua. Watu wengi hulalamika kwamba twaibiwa jioni. Mpiga picha asilalamike. Kati ya saa mbili na saa nne asubuhi dirisha la mashariki latoa nuru nyingi, na alasiri, kivuli cha mlima kikiisha kuufunika mji, mbingu nzima yatoa nuru tulivu isiyo na makali.

Dirishani tulitandika shuka jeupe lililonyoshwa vizuri. Hapo ndipo penye siri kubwa ya kazi yote. Msiitupie chupa nuru, itupieni shuka nuru, na chupa mwiache ilitazame shuka. Kwa kuwa kioo huonyesha jirani yake, ubavu wa chupa ulitoa mstari mmoja mrefu mweupe, ulionyoka kutoka begani hata chini. Mstari huo huonyesha umbo la chupa wala hauyafichi mafuta. Shuka likiwa na mkunjo, mkunjo utaonekana. Likiwa pana mno, mstari nao utakuwa mpana na kula nusu ya chupa. Tulilikunja mara mbili mpaka mstari ukawa mwembamba kama kidole. Kwa upande wa pili tulisimamisha karatasi nyeusi, ili ukingo wa kioo uwe na mpaka, usipotelee ukutani.

Kisha yule mtu mdogo mweusi. Nilivaa shati la rangi nyeusi, nikatundika kitambaa cheusi mbele ya simu, nikakitoboa tundu la kutosha lenzi tu. Simu niliiegemeza juu ya matofali matatu, nikaiamuru ingoje nukta kumi kabla ya kupiga, nikajitoa. Viwiko vyangu havikuonekana tena, wala watoto waliokuwa wakichungulia mlangoni, maana nao walikuwa wamekwisha kuingia katika chupa mara mbili.

Sasa nije kwenye sura ya mezani, ile chupa ya pili iliyopinduka chini ya chupa ya kwanza. Wauzaji wa mijini huipenda sana, kwa sababu hukifanya kitu kionekane kimesimama mahali safi. Mama yule alikuwa ameiona katika matangazo ya manukato, naye akaitaka. Mimi nilidhani ni kazi ya dakika moja, nikaleta kioo cha kujitazamia na kukilaza mezani. Ikatokea sura kali sana, lakini kati ya chupa na sura yake palikuwa na pengo, kana kwamba chupa inaelea. Tena kulikuwa na sura nyingine, hafifu, imejibandika juu ya ile kali. Sababu ni kwamba kioo cha kujitazamia kimepakwa madini yake mgongoni. Nuru hurudi mara moja kutoka uso wa juu, hurudi tena kwa nguvu kutoka mgongoni, na unene wa kioo ndio pengo lenyewe.

Nikachukua kioo cha dirisha nikakiweka juu ya kitambaa cheusi. Afadhali, lakini sura mbili zikabaki, zote hafifu, moja karibu na nyingine kama mtu aonaye vitu viwiliviwili. Kioo cha dirisha nacho kina nyuso mbili. Dawa yake ni kupaka rangi nyeusi ya mafuta upande wa chini wa kioo, ishikamane nacho pasipo hewa katikati, kisha kuigeuza na kuuweka upande usiopakwa juu. Nuru iingiayo humezwa na weusi ule, na sura inayosalia ni moja, ya uso wa juu, yenye kuanza pale hasa chupa inapogusa meza. Kipande cha kioo kilichovunjika dirishani chafaa kabisa, ila ting'eni makali yake kwa jiwe, watoto wasijikate.

Asiye na kioo ana maji. Beseni pana au sinia, mfuko mweusi wa plastiki uliotandazwa ndani, na maji yenye kina cha kidole kimoja: hakuna kioo kilicho laini kuliko hicho, wala hakikwaruziki. Maji yana uso mmoja tu wa kuhesabika, na weusi wa chini humeza nuru nyingine. Taabu zake ni mbili. Ya kwanza ni upepo, na hata pumzi ya mtu, na gari lipitalo njiani: uso wa maji hutetemeka na sura ikavunjika. Ya pili ni kwamba maji hupanda kidogo yanapoigusa chupa, yakafanya ukingo mwembamba ung'aao. Mimi binafsi naupenda ukingo ule. Yanikumbusha mawe ya ufukoni asubuhi.

Kwa uso wowote mtakaoutumia, shusheni simu. Mpiga picha akisimama na kutazama kutoka juu ataona weusi wa meza na sura fupi iliyofifia. Akiinama mpaka lenzi ikawa karibu sawa na meza, sura huzidi nguvu na urefu. Ni habari ileile ya Kalundu. Na mjue kwamba meza ing'aayo haionyeshi chupa peke yake, huonyesha na kilicho nyuma ya chupa. Mkiweka karatasi nyeupe nyuma, meza nyeusi itageuka nyeupe. Hilo huwashangaza wengi, lakini ni kanuni ya mpira na sakafu, hakuna uchawi.

Mwalimu mwenzangu alisema, "Mbona usivae miwani ile iondoayo mng'ao, ukaiweka mbele ya simu?" Ni shauri zuri lenye mpaka wake. Mwaka 1808 Mfaransa Étienne-Louis Malus alikuwa akitazama kwa kipande cha jiwe angavu nuru ya jua la jioni iliyokuwa ikirudi kutoka madirisha ya jumba la Luxembourg mjini Paris, akaona kwamba akiligeuza jiwe, nuru ile hupungua na kuongezeka. Nuru inayorudi kutoka kioo kwa mshazari hutetema kwa mwelekeo mmoja zaidi kuliko mwingine. Mwaka 1815 David Brewster wa Scotland aliieleza pembe ambayo kwayo jambo hili hukamilika. Kwa kioo cha kawaida ni kama nyuzi 56 kutoka wima, kwa maji nyuzi 53. Miwani ile huzuia mwelekeo huo mmoja. Basi nikaiweka mbele ya lenzi, nikaizungusha polepole, na mng'ao mwingi ukatoka. Lakini sura ya mezani nayo, ile tuliyoihangaikia tangu asubuhi, ikafifia pamoja nao, maana nayo ni nuru iliyorudi. Tena kwa kijiko au sufuria ing'aayo miwani haifui dafu. Madini hayaitii kanuni hiyo. Tukairudisha mfukoni.

Likabaki neno moja lililonisumbua. Wapiga picha wengi hukata karatasi nyeupe kwa umbo la chupa, wakaisimamisha nyuma yake, mahali lenzi isipoweza kuiona. Karatasi hurudisha nuru kupitia kinywaji au mafuta, nayo hung'aa kama taa. Nilijaribu, na mawese yakawa mekundu kama jua linapotoka juu ya ziwa. Nikajiuliza, je, huu si udanganyifu? Picha ya kwanza iliwafanya mafuta safi yaonekane machafu. Hii isije ikafanya zaidi ya haki. Nikamwuliza mama mwenyewe. Alicheka, akaichukua chupa kwa kitambaa, akaenda mlangoni, akaiinua mbele ya jua. "Mnunuzi akija sokoni afanya hivi," akasema. "Hatazami mafuta gizani." Nikaona ana haki, karatasi nikaiacha. Lakini kijana wake alipotaka kuongeza wekundu kwa programu ya simu, mama alimkataza, akasema mnunuzi hana programu ya namna hiyo katika chungu chake. Na wingu je? Yule kijana aliuliza kama tukiyeyusha mafuta kwa picha si tunaficha. Ndipo tukapiga picha ya pili ya chupa ileile baada ya kupoa, wingu likiwa chini, na mama akaituma pamoja na maneno haya: Ndivyo yanavyokuwa asubuhi, yapashe moto kidogo.

Niseme kwa haraka tu juu ya vitu vingine, maana barua zenu zimeuliza. Kijiko na kikombe cha madini huonyesha chumba kizima kwa kuwa vimejipinda. Vizungushieni shuka pande zote, mkaache tundu la lenzi. Ndagala wabichi wapigwe wakiwa wamelowa, kwa nuru ya mbingu pasipo jua kali, la sivyo fedha yao itakuwa madoa meupe. Samaki hai ndani ya sanduku la kioo, sukumeni lenzi mpaka iguse kioo, na sura ya chumba itatoweka yenyewe. Fotografia za kwanza zilizotangazwa na Louis Daguerre mwaka 1839 zilikuwa juu ya bamba lililopakwa fedha na kusuguliwa kama kioo, hata mwenye kuzitazama alijiona uso wake ndani ya picha. Hivyo taabu yetu ni ya zamani sawa na kazi yenyewe.

Mnunuzi wa Bujumbura hakurudi. Mama alituma picha zile mbili kwa wengine, na kabla mwezi haujaisha mtu mmoja akachukua bidoni nne, kisha sita. Siku hizi apiga picha zake mwenyewe kwa simu ya kijana wake, na kile kioo changu kilichopakwa rangi hakijarudi nyumbani kwangu. Juzi alinijia akicheka hata akashindwa kusema. Mteja mpya alikuwa ameiona picha yenye sura ya mezani, akamwandikia akiuliza bei ya chupa zote mbili, ile iliyosimama, na ile nyingine iliyopinduka.